Hapa Wanaagana

Msiba unataka mtu akae chini, na mimi sikuweza kukaa. Tulipomzika kaka yangu pale Suji, wanawake walinitandikia mkeka kando ya mama wakaniambia tulia, kazi zitafanywa na majirani. Nikikaa, miguu inawasha. Nainuka, nafagia palipokwisha kufagiwa. Nateremka mferejini na ndoo ambayo tayari ina maji. Siku moja niliteremka mpaka Same mjini kwa kisingizio cha kuangalia genge langu. Nikafungua, nikasimama katikati ya nyanya zilizoanza kuoza, nikafunga, nikapanda gari la kurudi mlimani.

Hakuna aliyeniuliza nimekwenda wapi. Macho ya watu yalikuwa kwa mgeni.

Mgeni alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwanaume mrefu mwenye nywele nyingi zilizoanza mvi. Yeye ndiye aliyekuja na jeneza kutoka nje. Alipewa kiti cha plastiki chini ya turubai, pamoja na wageni wengine. Kila aliyefika msibani alimpa mkono kwanza, kwa sababu alikuwa karibu na njia. "Pole na safari. Asante kwa kutuletea kijana wetu." Kisha mtu huyo anavua viatu, anaingia ndani kwetu sisi wafiwa, anasema, "Poleni na msiba." Nilimsikia akipokea pole ya safari mpaka nikachoka kwa niaba yake. Ya msiba hakuna aliyempa.

Na mimi nilijua. Kaka aliniambia kwa simu, zamani, kwamba yule hakuwa mpangaji mwenzake. Waliishi pamoja kama mtu na mwenza wake. Nikauliza kama anajua kupika. Kaka alicheka mpaka nikatenga simu na sikio. Tangu siku hiyo yule bwana akishika simu ananiita shemeji, nami namwita shemeji. Lakini msibani nilimwita kaka, kama wengine wote. Kwetu jambo hilo likisemwa mbele za watu, mtu anaweza asilale salama. Niliogopa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya jina la aliyelala pale chini.

Jikoni wanawake walishamwona.

"Yule Mkongo anasugua sufuria kukushinda wewe."

"Mwache asugue. Mume wangu hata kijiko hajui kinawekwa wapi."

"Basi muulize kama ana kaka yake."

Wakacheka kwa kuziba midomo, maana ni msibani. Mimi nikachukua sufuria lililokwisha kusuguliwa, nikalisugua tena.

Niseme kidogo kuhusu kaka, ili kieleweke kilichofuata. Alianzia kazi ya filamu Same, kwenye banda la video jirani na stendi. Alisimama mbele na kipaza sauti akitafsiri. Kiingereza alikijua nusu, Kichina hakukijua kabisa, na filamu zote alizitafsiri. Adui akikimbia badala ya kupigana, kaka alisema, "Huyu ni Mpare, anawahi mahakamani!" na banda zima linapiga makofi, Wapare wenyewe, tunaosifika kwa kupenda kesi, tukiwa wa kwanza. Vijana wa Kimasai waliopandisha ng'ombe mnadani walikuja kumsikiliza yeye, si kutazama picha. Na watu wa kwenye filamu wakikaribiana nyuso, kabla midomo haijagusana, kaka alikuwa anasema kwa haraka, "Hapa wanaagana. Safari ni ndefu." Alisema hivyo kwa heshima ya wazee waliokuwemo. Mama alishuka mlimani mara moja kumtazama, akakaa benchi la mbele. Siku hiyo watu waliagana sana.

Huko nje alikokwenda kuishi, mtaa wao ulikuwa wa watu waliotoka mbali. Wakongo, Wasomali, Wahabeshi, na watu wa nchi ambazo sizijui. Kulikuwa pia na wenyeji waliofukuzwa na ndugu zao kwa sababu ya namna walivyopenda, wakapanga vyumba mtaa huo kwa sababu haukuuliza maswali. Jioni za mwisho wa wiki walikusanyika kwenye chumba cha mashine za kufulia, wanatundika shuka ukutani, wanaonyeshana filamu walizopiga wenyewe kwa simu. Filamu za maisha yao. Bibi anasuka mtu nywele. Mtu anasoma barua ya kukataliwa kibali cha kuishi, wenzake wanamzomea aliyeiandika. Kaka aliwatafsiria wasioelewana. Alisema kwa simu, "Dada, ni banda letu lile lile, ila huku kuna baridi."

Mchana mmoja wanaume walikuwa kaburini kupanga mawe, na baba mdogo, ndiye msemaji wa familia, alikuwa amekwenda kutafuta mbuzi. Mama akamwita mgeni chumbani.

"Nasikia una picha za mwanangu, zile zinazotembea."

Mgeni akanitazama. Sikujua nimwashirie nini. Akaenda kuleta kompyuta yake, akaiweka juu ya kitanda cha mama, na sisi tukakaa sakafuni. Yaani wao walikaa. Mimi nilisimama mlangoni nikichungulia uani.

Kaka akatokea. Amekonda, figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua, lakini sauti ilikuwa ile. Alikuwa anaongea lugha ya huko, na mgeni akatafsiri kwa Kiswahili chake cha Bukavu, polepole. "Anasema alizaliwa kwenye mlima. Anasema maji ya shamba kwenu yanakwenda kwa zamu." Mama anaitikia, eeh, eeh, kama anaongea naye. Kisha tukaona jiko. Huyu huyu mgeni, amefunga kanga kiunoni, anakoroga makande.

"Maji hayatoshi hayo," mama akasema.

"Naye aliniambia vile vile, Mama."

Kwenye picha kaka aliinuka, akasimama nyuma ya yule anayekoroga, akaongea maneno mengi akitazama kamera. Aliongea bila mzaha. Mgeni hapa sakafuni akasema, "Anasema chakula iko tayari."

Mama akageuka. "Maneno yote yale ni chakula?"

Mgeni akakaza macho kwenye kioo. Kwenye picha kaka alimzungushia mwenzake mkono begani, akamgeuza uso, nyuso zikakaribiana. Na yule bwana akasema kwa haraka, sauti ikikatika, "Hapa wanaagana, Mama. Safari ni ndefu."

Nikashika fremu ya mlango. Sikujua kwamba kaka alimfundisha hata hilo.

Picha ikaisha, kioo kikawa cheusi. Ndipo mama akauliza, akitazama mikono yake, "Hospitali, nani alikuwa anamwogesha?"

"Mimi, Mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Mama akanyanyuka akaenda kutazama moto. Mgeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nimeharibu?" Nikamwambia sijui, na nilikuwa sijui kweli. Nikatoka, nikazunguka nyumba, nikazunguka tena.

Kesho yake ilikuwa siku ya kunyoa. Kwetu baada ya mazishi ndugu wa marehemu wananyolewa vichwa, kila mmoja kwa wembe wake mpya, na nywele zinafukiwa migombani. Mgeni hanyolewi. Ndiyo maana ukikutana sokoni na mtu mwenye kichwa cheupe, unampa pole bila kuuliza. Baba mdogo aliwanyoa wanaume. Wanawake tulinyoana. Mimi nilinyolewa nikiwa nimesimama, shangazi akinigombeza. Mgeni aliketi palepale kwenye kiti chake cha plastiki, mikono katikati ya magoti, akitazama.

Baba mdogo alipoanza kuosha beseni, mama akasema, "Bado kuna kichwa."

"Cha nani?"

Akaonyesha kwa kidevu.

"Shemeji, yule si wa ukoo. Yule ni rafiki."

"Sikuuliza ukoo. Nimesema kuna kichwa."

"Watu watasema."

"Waje waniulize mimi. Mimi ndiye niliyezaa."

Baba mdogo alitazama waliokuwepo. Wote wakawa na la kufanya. Akaliweka beseni chini, akasema anakwenda kuona ngozi ya mbuzi kama imekauka, akaenda. Hakugomba, ila hakurudi mpaka jioni, na mpaka leo hajalitaja.

Mama akafungua wembe mpya. Akanipa mimi. Mwanamke kumnyoa mwanaume siku hiyo si kawaida yetu, lakini nilimwita shemeji aje mkekani, nikamwita hivyo hivyo kwa sauti, na nikakaa chini ili nimfikie. Nywele zilikuwa ngumu na nyingi. Ilichukua muda mrefu. Machozi yake yalidondoka kwenye kanga pamoja na povu, naye hakusogea hata nilipomkwaruza. Nilipomaliza ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimekaa muda wote huo na miguu haikuniwasha.

Mama alijua kiasi gani, sikumuuliza. Na yeye hakuniambia.

Tulikuwa bado tunakusanya nywele alipofika mwanamke mmoja mzee wa kijiji cha chini, aliyechelewa kupata habari. Alipita kwenye viti vya plastiki, havina mtu. Akaja mpaka mkekani, akatazama vichwa vyetu, akaanza na kile kilichokuwa karibu naye.

"Pole na msiba, mwanangu."

Yule bwana akainua uso. Akamgeukia mama. Pole hiyo alikuwa hajawahi kupewa, wala hakujua inajibiwaje.

"Sema asante," mama akamwambia.

"Asante," akasema. "Asante, Mama."