Nati Ndani ya Pindo

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, mwaka wa tisini na sita, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu stima ilipotea dakika hiyo hiyo, na mwenye ukumbi wa video akawasha kiberiti, akatazama saa yake na kutangaza, "Filamu imeisha, watu wangu. Rudini kesho." Tukamzomea. Kitu cha mwisho nilichoona kabla ya giza ni mwanamke mwenye kofia pana ya majani, amesimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa mtungi, mguu wa pili ameukunja, upanga umelala begani. Wanaume sita walikuwa wamemzunguka, naye ametulia kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni ya maji. Mimi nilikuwa siwezi hata kusoma kwa sauti darasani. Nilitoka pale nikitaka yule mwanamke awe wangu.

Wiki hiyo mwalimu wa sanaa alikuwa ametuambia kila mtu atengeneze kitu kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya siku ya wazazi. Kazi bora ingepelekwa kwenye maonyesho ya mkoa. Karibu Form Two nzima ilikuwa inasuka vikapu. Mimi nikaamua kumtengeneza yeye, awe na urefu wa chupa ya soda.

Mifupa yake ilikuwa waya wa henga ya nguo. Nyama ilikuwa sponji ya godoro kuukuu. Joho nililishona kwa vitambaa vyeusi nilivyookota kwa fundi wa nguo aliyekaa chini ya ngazi za ploti yetu ya kupanga, kofia ikawa majani ya ufagio niliyoyazungusha na kuyashona. Uso peke yake ulinimalizia jioni tatu. Alipendeza, nisiseme uongo. Shida ni kwamba hakusimama. Namweka juu ya kopo, anaanguka kifudifudi. Nikamwongezea gundi, akaanguka na kopo lake.

Baba alikuwa akitazama kutoka kitandani. Tangu karakana aliyofanyia kazi ipunguze wafanyakazi alikuwa nyumbani mchana kutwa, na sisi tulikuwa tumezoea kumpita kama tunavyolipita kabati.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Huyo mtu wako anaumwa?"

"Anatakiwa asimame na mguu mmoja."

"Anasimamaje? Mimi hiyo filamu sikuiona. Simama wewe nione."

Nilikataa. Akangoja tu. Mwishowe nikapanda juu ya stuli katikati ya chumba chetu, nikakunja goti, nikaweka mwiko begani. Mama alikuwa kazini, mlango umefungwa, na bado masikio yaliniwaka moto. Baba alinizunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mashine.

"Unaona? Umejivuta nyuma bila kujua. Huyu wako uzito wote uko mbele." Nikaanza kutikisika. "Usianguke, sijamaliza kukupima."

Nikacheka, naye akacheka, na nikaanguka kweli, bahati nzuri juu ya kitanda.

Alitoa koleo, akakunja upya waya wa kifundo cha mguu, mkunjo mdogo sana. Kisha akachagua nati moja kutoka kwenye mkebe wake wa skrubu, akaniambia niishone ndani ya pindo la nyuma la joho, mahali isipoonekana. Tukamweka juu ya kopo. Akasimama. Nikaipiga meza kwa kiganja, hakuanguka. Usiku huo baba alimweleza mama habari za nati hiyo mpaka ugali ukapoa.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Baba alibeba boksi kwa mikono miwili kutoka mtaani kwetu Kayole hadi shuleni, kwa miguu, na kila nikiomba nimpokee anasema bado hajachoka. Alivaa ovaroli ya bluu ya kazini, imefuliwa na kupigwa pasi. Nilikuwa nimemwomba avae koti. "Koti linanifanya nionekane nimekuja kuposa," akasema.

Ukumbini baba za wasichana wa mtaa wa Fedha walikuwa na tai. Wenzangu wakaizunguka meza yangu.

"Ai! Hii imesimama aje?"

"Gundi hiyo. Huyu msichana kimya kimya ni mjanja."

"Hebu isukume. Wee, haianguki!"

Madam wa sanaa akafika na mgeni aliyekuja kutoa alama. Mgeni akainua joho, akapapasa pindo, akaigusa nati. "Hii akili ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. Sauti ilitoka safi. Sikuwa nimewahi kujisikia nikisema hivyo mbele ya watu, na ilikuwa tamu.

"Na mzee huyu?" Madam akauliza. Baba alikuwa nyuma yangu, ameshika boksi tupu.

"Ni jirani. Amenisaidia kubeba."

Ningependa kuandika kwamba niliogopa sheria ya kazi ya mikono yako mwenyewe. Si kweli. Niliogopa ovaroli.

Madam akampa baba mkono. "Asante sana, mzee."

"Si kitu, mwalimu," baba akasema. "Sisi majirani tunasaidiana. Huyu mtoto ana kichwa."

Nikapewa nafasi ya kwanza, na kadi yenye jina langu ikawekwa mbele ya yule mwanamke.

Njiani baba alinionyesha tu pa kukanyaga penye matope. Nilipoanza, "Baba..." akanikatiza. "Umeshinda. Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea mama yako." Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenichapa.

Mama hakungoja tuvue viatu. "Na nati? Waliiona?"

"Waliiona," baba akasema, akafungua redio.

Kesho yake tulikuwa na masomo ya Jumamosi. Nilipoamka baba alishatoka kutafuta kibarua. Nikawahi shuleni, nikamkuta Madam ukumbini peke yake, akibandua karatasi ukutani.

"Madam, ile nati ni ya baba yangu. Na kifundo cha mguu."

"Baba yupi?"

"Yule aliyebeba boksi."

"Lakini mwenyewe alisema ni jirani."

"Alisema kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasema."

Akaacha kubandua. "Unajua basi haiendi mkoani."

"Najua."

"Ungesema jana, baba yako angesikia."

Nikamwomba kalamu. Nikaivuta kadi karibu, na chini ya jina langu nikaandika majina ya baba, yote matatu, kwa herufi kubwa.