Maoni ya Baba Kuhusu Filamu ya Kifaransa

Baba alikuja kwangu Richfield, Marekani, mwezi wa kumi, miezi minne baada ya kumzika mama. Mimi na kaka yangu tulikuwa tumekubaliana kwenye simu kwamba asiachwe peke yake katika nyumba ile, na kwa kuwa kaka anahamishwahamishwa kikazi, mzee akaletwa kwangu. Alikuwa na miaka sabini na sita. Maisha yake yote ya kazi alikuwa polisi, askari mpelelezi, katika wilaya ambazo hapa sitazitaja.

Mimi hufanya kazi kwenye kliniki ya wagonjwa wa figo. Natoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri nikiwa nimechoka. Binti yangu yuko shule mchana kutwa, na akirudi humwamkia babu yake "shikamoo", kisha mazungumzo yote yanayofuata huyajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo baba alibaki na televisheni. Alipenda tamthilia za polisi, na alizipenda kwa sababu zilimuudhi.

"Huyu angefukuzwa kazi wiki ya kwanza," alikuwa akiniambia nikiingia na viatu vyenye theluji. "Kashika kisu kwa mkono mtupu, halafu anakiita kielelezo."

Nilifurahi kumsikia akilalamika. Tangu msiba alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache mno.

Mwezi wa kwanza niliona tangazo maktabani. Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, walikuwa wanaonyesha filamu ya nje, na baadaye watazamaji wanakaa kutoa maoni. Mwezi huo ilikuwa filamu ya upelelezi ya Kifaransa. Nilimwambia baba. Alivaa suti aliyokuja nayo, akafunga tai, akakaa sebuleni kunisubiri nusu saa nzima kabla ya muda.

Tulikuwa watu kama kumi na watano hivi katika chumba cha mikutano. Filamu yenyewe ilikuwa rahisi kuifuata hata kwa asiyejua Kifaransa, maana maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini. Katika mji wa bandari, mnunuzi wa vyuma chakavu anakutwa amekufa, na fundi wake anakamatwa. Inspekta anayemhoji ni mtu mpole. Anamletea fundi kahawa, anamtafutia koti, hamgusi hata kwa kidole. Anamuuliza swali lile lile kwa siku tatu. Siku ya tatu fundi anasaini maelezo ya kukiri. Kisha tunamwona inspekta nyumbani kwake, kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya binti yake, anakata keki na kuwagawia wageni, na filamu inaishia hapo. Nani aliua, hatuambiwi.

Taa zilipowashwa niligeuka kumtazama baba. Alikuwa amelegeza tai.

Mama mmoja wa maktaba, aliyekuwa akiongoza mazungumzo, alituomba tugeuze viti tutazamane. Wa kwanza kusema alilalamika kwamba filamu imekwenda polepole mno. Bwana mmoja mrefu, mwenye fimbo ya kutembelea, alisema kwa maoni yake fundi ndiye aliyeua. "Mtu asiye na hatia hasaini," alisema. Wanafunzi wawili walimpinga. Wao walisema inspekta alijidanganya mwenyewe, kwamba aliamini kabisa anachokifanya.

Ndipo akasema mwanamume mmoja aliyevaa jaketi la kazini, lile la rangi ya kung'aa. Alisema kwamba yeye ni Mkongo, kwamba Kifaransa amekisoma na kukifundisha, na kwamba maandishi ya chini yamekosea mahali pamoja. Fundi alipomaliza kusaini, maandishi yalionyesha inspekta akimwambia, "Umefanya vizuri." Lakini kwa Kifaransa alimwambia, "Umenisaidia."

"Maana yake si moja," alisema yule Mkongo.

Baba alitikisa kichwa kukubali. Mama wa maktaba alimwona, akaniuliza kama mzee angependa kusema lolote. Baba alisimama, jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya, akazungumza kwa Kiswahili huku akiitazama sakafu.

"Mpelelezi alijua," alisema. "Anayeuliza swali moja siku tatu hatafuti jibu, amekwisha kuliamua. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilimfanyia mtu vile vile. Hakuwa na kosa, na nilijua hana kosa, na akafungwa."

Nilisikia kila neno. Watu walinigeukia, na nikafungua mdomo nikasema kwa Kiingereza kwamba baba yangu alikuwa polisi mpelelezi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa maoni yake inspekta alijua.

Walimpigia makofi. Yule bwana mwenye fimbo akamwinamia na kumshukuru kwa utumishi wake, kama wanavyofanya huku wakisikia kwamba mtu alivaa sare. Baba akakaa. Mkongo hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama mimi, na nilikumbuka, nimechelewa, kwamba Wakongo wengi Kiswahili ni chao pia.

Nje alikuwa anapangusa theluji kwenye kioo cha gari lake. Alituona, akaja.

"Mama, unisamehe," aliniambia. "Papa alisema neno ingine. Haukutafsiri yote."

Baba ndiye aliyemjibu.

"Mwache, bwana. Alikuwa ananisitiri."

"Ndiyo, papa. Nimeona." Akavua glavu, akampa baba mkono. "Mimi nilikuwa mwalimu. Mtoto akisimama mwenyewe kusema kosa yake, haumukati katikati. Akikaa, hasimame tena."

Akatuaga, akaenda zake.

Tuliingia kwenye gari langu nikawasha hita, ila sikuondoka. Vioo vilikuwa vimeganda na hatukuweza kuona nje.

"Kumbe ulijua nimeyaacha," nilisema.

"Kiingereza nakielewa, mama. Kusema ndiko sikuwezi vizuri."

Nilimwomba msamaha. Akasema si kitu. Nikaogopa kuuliza yaliyobaki. Lakini niliuliza, na alinieleza pale pale.

Ghala la ushirika lilivunjwa, mlinzi mmoja akauawa. Mlinzi mwenzake alikuwa amesinzia. Wakubwa walitaka faili lifungwe haraka kwa sababu wananchi walikuwa wamechachamaa. Baba alimhoji yule aliyesinzia, na siku ya kwanza tu akajua kwamba hakuna alichofanya isipokuwa kulala. Hakumpiga. Alikuwa na sifa kituoni ya kutompiga mtu.

"Sasa alikiri vipi?"

"Nilimwambia mama yake kalazwa hospitali ya wilaya, hali mbaya, anamwita. Nikamwambia akisaini nitampa askari ampeleke amwone."

"Na mama yake alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa mzima, shambani kwake."

Alisaini, akapelekwa mahabusu, na siyo hospitali. Baadaye akahukumiwa. Miaka tisa mbele, mwizi mmoja aliyekamatwa mkoa mwingine alilitaja ghala lile katika maelezo yake, na mlinzi akaachiwa bila sherehe. Baba alizisikia habari hizo akiwa kituo kingine. Hakusema kitu wala hakwenda kumwona.

Nilikuwa nahesabu miaka kichwani. Nilimuuliza kama ilikuwa mwaka ule tulipohamia nyumba za maofisa.

"Ndio huo huo," alisema. "Nilipandishwa cheo baada ya kesi ile."

Nilikuwa darasa la nne. Ndiyo nyumba ya kwanza tuliyokuwa na umeme. Mimi na kaka tulianza kusoma baada ya chakula cha jioni, na mwisho wa muhula nikashika namba mbili darasani, na baba akanibeba mabegani mpaka kwa jirani kwenda kuwaonyesha. Kumbukumbu hiyo nilikuwa nimeitunza vizuri sana.

"Mama alijua?" niliuliza.

"Mama yako alijua. Kila mara aliniambia niende. Hata hospitalini aliniambia."

"Ukamjibuje?"

"Nikasema nitakwenda mvua zikiisha."

Nikafuta vioo, tukarudi nyumbani. Kwa wiki kadhaa tuliishi kwa adabu tu, tukipishana jikoni. Sikuwa na hasira naye kama nilivyotarajia. Nilikuwa na haya, na kilichonitia haya zaidi ni jinsi Kiingereza changu kilivyonitoka upesi siku ile, bila kigugumizi, bila hata sekunde moja ya kufikiri. Alichokifanya baba kilikuwa cha miaka mingi iliyopita. Mimi changu kilikuwa cha juzi.

Mwezi wa pili baba aliniambia, "Jumamosi tunarudi maktaba. Nitasema tena. Safari hii usipunguze."

Filamu ilikuwa nyingine. Mama wa maktaba alipotukaribisha, baba aliomba kuongeza neno kuhusu ile ya mwezi uliopita. Akasimama, akasema yote, ya hospitali na ya mama wa yule mlinzi, na mimi nikatafsiri sentensi kwa sentensi. Mwanzoni niliwaambia kwamba mara iliyopita kosa lilikuwa langu. Sikuruka kitu.

Hawakupiga makofi. Mwanafunzi mmoja alisema anaheshimu ukweli wake. Mama mmoja alisema, bila ukali, kwamba yeye hawezi kukaa kutazama filamu na mtu aliyetumia jina la mama wa mwenzake namna hiyo, akachukua koti lake akatoka. Mkongo alikuwa ameweka mikono magotini, akimtazama baba. Ndipo yule bwana mwenye fimbo, aliyekuwa amesema asiye na hatia hasaini, akauliza kama mlinzi yuko hai.

"Sijui," alisema baba, nikatafsiri.

"Basi kwa nini anatuambia sisi?"

Kabla sijageuka kumtafsiria, baba alijibu mwenyewe. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba ni kweli, wa kuambiwa ni mlinzi.

Jumatatu alinitaka nibadilishe tiketi yake ya ndege. Alikuwa na miezi miwili zaidi ya kukaa, na baridi ilikuwa inaanza kupungua. Nilipompigia kaka kumweleza, alinifokea kama hajawahi kunifokea. Alisema mzee amechanganyikiwa kwa msiba na mimi badala ya kumtuliza nimempeleka akajianike mbele ya Wazungu. Aliuliza kama nimefikiria jina la ukoo, kama nimefikiria watoto wake wanasoma shule gani na nani atasikia. Nilimwambia baba ana akili zake timamu. Akakata simu.

Baba aliondoka mwezi wa tatu. Kumtafuta yule mlinzi kulimchukua siku nne tu, kwa simu mbili za wastaafu wenzake na safari moja ya basi. Siku nne, baada ya miaka yote ile. Alinipigia mimi nikiwa kwenye gari nje ya kliniki, nimebakiza dakika ishirini niingie zamu.

Alimkuta anaishi kwa dada yake, mzee kama yeye, jicho moja halioni. Mzee yule hakumtambua baba. Baba alijitambulisha kwa cheo alichokuwa nacho wakati ule, kwa kuwa ndicho ambacho mwenzake angekikumbuka. Dada mtu akataka kumfukuza. Yule mzee akasema aachwe akae.

"Nikamwambia nimekuja kukiri kwamba nilijua hana kosa," baba alisema. "Akaniambia hilo analijua, analijua tangu siku ile. Hakushtuka. Akaniuliza jambo moja tu."

"Jambo gani?"

"Aliuliza, 'Siku ile mama alikuwa amelazwa wodi gani?'"

Kisha baba akanieleza maana ya swali hilo.

Mama yake alifariki yeye akiwa gerezani, mwaka wa tatu. Hakuna aliyemweleza vizuri kilichomuua. Alikuwa ameunganisha mwenyewe kwamba ni ugonjwa ule ule, kwamba alilala hospitali akimwita mwanawe na mwanawe hakuja. Miaka yote hiyo aliamini baba alidanganya kuhusu kumpeleka tu. Kuhusu ugonjwa hakuwahi kushuku.

"Nikamwambia hakulazwa. Nikamwambia ugonjwa ule niliutunga. Nikamwambia, 'Mama yako alikuwa mzima, alikuwa analima.'"

"Akasemaje?"

Nilisikia watu wakiongea karibu naye, na mlango ukifungwa.

"Alilia. Dada yake naye akalia. Akawa anarudia, 'Alikuwa analima. Kumbe alikuwa analima.' Mimi nimekaa tu. Halafu akaniambia sasa niondoke, na nisirudi tena kwake. Nikaondoka."

Nilimuuliza kama anajisikia vizuri. Lilikuwa swali la kipuuzi, lile ninalowauliza wagonjwa wangu kila asubuhi. Akasema hajui, ila amechoka na anataka kulala. Nikaingia kazini. Niliwaunganisha watu sita na mashine za kusafisha damu siku ile, na sikukosea hata moja, na sikumbuki uso wa hata mmoja wao.

Baba sasa anaishi nyumbani kwake, peke yake, na mfanyakazi anayekuja mchana. Nampigia kila Jumapili. Habari ile hatuizungumzi, wala hatuikwepi. Kaka yangu bado hajapokea simu yangu. Mke wake hunitumia picha za watoto mara moja moja, na mimi huzijibu kwa kumwambia wamekua, na kumwomba anisalimie baba yao.