Gaudensia na Zile Dakika Tano

Darasa la Gaudensia kule Mwakiro ni kibanda nyuma ya kanisa, mikeka miwili na watoto thelathini na nane wa miaka mitatu hadi sita, makelele yao unayasikia tangu barabarani! Wazazi wanamlipa maharage. Sasa mumewe, Josephat, kashasema: Septemba mvua ikianza, wote wawili shambani, darasa basi. Labda serikali imwajiri. Ndo akaalikwa Gitega, mji mkuu, kwenye mkutano wa bajeti ya elimu, akapewa dakika tano nzima!

Asubuhi ya mkutano, kule Yoba, mtaa wa Gitega, rafiki yake Kulthumu, fundi cherehani, alimfunga kitenge huku anamtania kwa kuwa alikulia Tanzania.

"We Mutanzania, Kiswahili yako iko nzuri sana, itawalalisha. Sema mbio mbio!"

"Niache bwana, nimekariri kila neno."

Kukariri alikariri kweli. Ila ukisimama mbele ya wakubwa unaanza na salamu, tena kwa vyeo, na ukimruka mtu umemtukana. Basi akamsalimu mkurugenzi wa elimu, akawasalimu wabunge, mapadri, masheikh, wakuu wa kolini zote, vile vitongoji vya mlimani, mpaka akina mama wa jikoni. Anavuta pumzi ili aanze... kengele! Ngrii!

"Muda umeisha, mama," mwenyekiti akasema.

Weeh! Watoto wote wale, ndo kwisha?

Aliyefuata alikuwa mzee Longino, mkulima wa Gishubi. Akasimama anacheka.

"Mama huyu amesalimia hata wapishi, mi nitasalimia nani tena? Dakika zangu mumupe. Yeye iko na watoto, mi iko na kiu tu."

Ukumbi mzima mbavu hauna!

Safari hii Gaudensia hakusalimu hata nzi.

"Watoto wangu kumi na mmoja wameingia darasa la kwanza mwaka huu. Hakuna aliyelia mlangoni, hakuna aliyeshika kalamu kama jembe. Mwalimu wao kaniuliza nimewalisha nini! Niliwaimbisha tu, nikawahesabisha mawe. Serikali inamlipia mtoto darasa la kwanza mara mbili, mara tatu, kwa sababu anarudia. Imlipe mwalimu wa kabla, itapumzika."

Mkurugenzi akashika kalamu. "Umesema wapi? Mwakiro?"

Saa tisa orodha ikasomwa: madarasa sita ya majaribio, walimu walipwe na serikali kuanzia Septemba. La Gaudensia la pili!

Akampigia Josephat pale pale.

"Kwa hiyo mi nalima peke yangu?"

"Peke yako, baba watoto!"

Josephat akaguna, halafu akacheka mpaka simu ikakwaruza.