Paa la Mama Lilivyofika Barazani

Mimi nina mdomo, sikatai. Marehemu baba alikuwa akisema mdomo wangu ungekuwa shamba, ningelisha wilaya nzima. Lakini siku niliyolipeleka paa la mama yangu kwenye baraza la madiwani, sikusema hata neno moja, na ndiyo siku niliyoshinda.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anafungua duka, na mimi nauza mitumba sokoni. Halmashauri zilikuwa zimeambiwa zijitegemee, na manispaa yetu ikaona pesa ziko kwenye nyumba za watu. Wakamleta mthamini, kijana wa Pwani, apite mitaani aandike nyumba moja moja: kuta za nini, paa la nini. Kwa orodha hiyo kila mwenye nyumba alipangiwa kodi ya majengo, na kodi hiyo ikaingizwa kwenye makisio ya mwaka unaofuata.

Mama alikuwa anakaa Ipagala kwenye tembe, nyumba yetu sisi Wagogo: kuta za miti na udongo, na juu paa bapa la fito, majani na udongo ulioshindiliwa, unaanikia mboga ya mlenda juu yake bila wasiwasi. Mwaka mmoja kabla, nilikuwa nimempigia plasta ya saruji ukuta wa mbele na kuupaka chokaa, watu wajue ana binti mjini. Kiherehere changu hicho! Mthamini aliona saruji, akaona paa bapa, na kwao paa bapa ni zege. Akaandika nyumba ya zege.

Hati ya kodi ilipofika niliisoma mara tatu. Mama alitakiwa kulipa sawa na wenye nyumba za wageni kule Makole, naye hana kitu zaidi ya karanga anazolima. Kaka yangu akaja kutoka Ihumwa na shauri lake: nyumba iuzwe kabla haijakamatwa, mama ahamie kwake. Kumbe alishatafuta mnunuzi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Udongo huo wa juu niliubeba kichwani, na wewe umo tumboni," akamwambia. "Sihami."

Nikaenda manispaa. Afisa mapato alinipokea vizuri tu, akanipa kiti. "Dada yangu, makisio yameshaandaliwa," akasema. "Nikiitoa nyumba moja, kesho watakuja wengine, bajeti itatoboka." Nikamwambia aje basi aone kwa macho yake. Akasema hana gari. Hana gari, na Ipagala watu wanatembea kwa miguu kila siku wakiwa na ndoo kichwani! Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa diwani.

Diwani wetu, mzee mpole, alinieleza mambo yanavyokwenda. Bajeti ingepitishwa Alhamisi. Raia anaruhusiwa kukaa viti vya nyuma, ila kusema haruhusiwi. Yeye angesimama kwa ajili yetu, lakini alikuwa na wasiwasi kwamba neno tupu litashindwa na daftari.

Nikamfikishia mama habari hizo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juma lililopita. Mama akapanda ngazi yake ya gogo, nikasikia jembe linagota juu ya kichwa changu. Alishuka na beseni lenye bonge la paa, vipande vya fito vimechomoza pembeni, na juu yake majani mabichi yameota urefu wa kidole.

"Hawataki kuja kuliona," akasema. "Lipeleke."

"Mama, mvua itaingia ndani."

"Itaingia. Nenda."

Alhamisi nilikaa na beseni mapajani asubuhi nzima, wakisoma fungu baada ya fungu: taka, masoko, zahanati, barabara. Miguu ilikufa ganzi. Walipofika kodi ya majengo, diwani wetu akasimama. "Mheshimiwa Meya, naomba kuleta mezani paa la zege kutoka Ipagala." Nikapita katikati ya ukumbi, mdomo nimeufunga, nikaliweka beseni mbele ya Meya.

Diwani mwingine, mzee pia, akaja taratibu, akafikicha udongo, akang'oa jani moja. "Zege hili linataka palizi," akasema.

Ukumbi mzima uliangua kicheko, hata mwandika kumbukumbu. Yule mzee peke yake hakucheka. "Nimezaliwa chini ya paa kama hili," akasema. "Na nyinyi wengi pia, semeni kama naongopa."

Meya akamwuliza mthamini kama alipanda juu. Kijana akasema kweli tupu: hakushuka hata kwenye gari. Kwa ukweli huo nilimsamehe nusu. Baraza likaamua kila nyumba yenye paa bapa ikakaguliwe upya, kwa miguu, ndipo kodi ipitishwe. Na pengo la bajeti? Wakaliziba kwa kuahirisha gari jipya la idara ya mapato. Nilirudi na beseni langu kichwani, natembea kama bibi harusi.

Jumamosi kijana akaja, viatu vimejaa tope. "Mbukwenyi, mama," akasema, salamu ya Kigogo aliyojifunza njiani, halafu akaongeza shikamoo kwa usalama. Mama akaitikia, akamwonyesha ngazi. Alipanda, akatazama, akaandika udongo. Kugeuka ashuke, akamkuta mama chini ya ngazi na ndoo ya udongo uliokandwa.

"Shimo hilo umelitoboa wewe," mama akamwambia.

Kijana akanitazama mimi. Nikamwonyesha kwa kidole namna ya kukunja mikono ya shati. Aliziba mpaka saa saba, mama akimwelekeza kutoka chini, kisha tukampa ugali na mlenda.

Jioni mvua ikaja kwa nguvu. Kaka alikuwepo, amekuja na mkokoteni wa kuhamishia vyombo, habari hajazipata. Mama akasogeza kitanda chake mpaka chini ya pale palipozibwa, akajilaza. "Ukiona tone, niamshe," akamwambia.

Kaka alikesha akiangalia juu. Mama akalala mpaka asubuhi.