Mpira wa Kiuno Wenye Upande Mmoja

Cherehani nilijifunza jeshini. Shule niliacha darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, lakini hayo ni mengine. Nilishona kaptura za askari mpaka nilipotoka, nikapata baraza hapa Kisugu kwa mama mmoja Mkongo. Yeye anauza vitenge, mimi nawashonea wateja wake sketi. Bila baraza hilo sina pa kuweka cherehani.

Asubuhi moja akanirudishia sketi tatu.

"Papa, mpira wa kiuno umejisokota tena. Watu wanalalamika."

"Ukivaliwa utanyooka." Nilishamwambia hivyo mara nyingi, na nilijua si kweli.

"Lini? Nikizeeka kama wewe?"

Nikakaa nausukuma ule msokoto kwa vidole ndani ya pindo. Ukitoka mbele unakwenda ubavuni, ukitoka ubavuni unakwenda mgongoni, halafu huo mbele tena. Vidole vikachoka. Mgongo wangu nao, basi tu.

Mpangaji wa chumba cha nyuma, binti anayefundisha hesabu, alikuwa ananitazama. Akafumua pindo, akautoa mpira mzima bila kuukata.

"Mzee, chora mstari kwa chaki, katikati, usiinue mkono."

Nikachora. Raundi ya kwanza chaki ilinifikisha upande wa pili wa pale nilipoanzia. Nikaendelea, ya pili ndiyo ikanirudisha penyewe.

"Nionyeshe upande usiochorwa."

Niliugeuza, nikaugeuza. Haukuwepo.

"Ulipounga, ncha moja ilikuwa imegeuka. Sasa mpira wote una upande mmoja tu. Usukume mpaka mwakani, msokoto hautoki. Ni kukata."

Nimeshona maisha yangu yote, sikujua kitu kinaweza kukosa upande wa ndani. Lakini sikuwa na nguvu ya kushangaa. Nilimwita mama.

"Ni macho," nikamwambia. "Mpira ni mweupe huku na huku. Nikiunga, sioni kama umegeuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na ukanyamaza?"

"Ungenitoa barazani."

Akavuta pumzi. "Wewe Papa ni mjinga. Sketi nitampa fundi mwingine. Wewe utashona foronya, hazina mpira, hapo hapo ulipo."

Kwa hiyo nashona foronya. Nikishona nne nachoka, nalala kidogo kwenye kiti. Zile sketi tatu tulizimaliza siku ileile: mimi nikakata na kuunga upya, mama akanishikia ncha.