Juu Mkoroshoni au Chini Kibandani

Wiki iliyopita nilikwenda Kwala kufuatilia mzigo bandari kavu. Wakati nasubiri karatasi zangu, nikawa natafuta kwa macho shamba la bibi lilikuwa upande gani. Sikulipata. Palipokuwa na mihogo, nadhani, malori yamepanga foleni. Ngoja nikusimulie kisa cha shamba lile, maana mpaka leo hakijanitoka akilini.

Nilikuwa darasa la nne. Mwaka huo nguruwe pori walianza kufukua mihogo ya bibi. Kila asubuhi tulikuta tuta zima limepinduliwa, mizizi imetafunwa nusu, na harufu ya udongo mbichi imejaa hewani. Bibi alisimama pale ameshika kiuno, akihesabu miezi iliyobaki kabla ya mahindi.

Jirani yetu alikuwa mwindaji mwenye gobore na kibali chake. Nyama ya nguruwe hakuila, lakini mihogo yake nayo ilikuwa inaliwa, akakubali kutusaidia. Tatizo likawa akae wapi. Yeye alitaka kibanda cha majani pembeni mwa shamba, achungulie tunduni. Bibi alitaka dungu, jukwaa la miti juu ya mkorosho.

"Bi mkubwa, mimi nimeanza kuwinda sijaota ndevu," jirani akasema. "Nguruwe anaviziwa chini."

"Na risasi ikimkosa, itaishia wapi?"

"Mimi sikosi."

Wakabishana siku mbili, mwisho kila mmoja akajenga chake. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilipanda dunguni, nikaumwa na maji moto, wale sisimizi wekundu wa mikorosho, lakini niliona shamba lote, mapaa ya jirani na njia ya kisimani. Nikaingia kibandani, nikalala kifudifudi. Huko niliona mashina tu, lakini nilisikia hata mende akitembea juu ya jani kavu. Sikuweza kuchagua. Nikaenda kumuuliza jirani mwenyewe.

"Babu, kwa nini hutaki juu?"

Akapigapiga goti. "Hili halipandi tena. Usimwambie bibi yako."

Nikamwambia bibi jioni ile ile, tukimenya kunde. Kesho yake alishinda akifunga ngazi kwa kamba za katani, vipandio vipana, vimekaribiana kama vya mtoto. Akaiegemeza mkoroshoni, akaondoka. Jirani alipofika aliitazama ile ngazi kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikajificha nyuma ya pipa. Akapanda, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine.

Alfajiri gobore likalia. Nikakimbia na kanga ya bibi mabegani. Nguruwe hakuwepo. Kati ya matuta palikuwa na shimo dogo la risasi, na jirani alikuwa ameshuka, ameingiza kidole humo. Ng'ambo ya shamba, kwenye njia ya kisimani, mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa amesimama wima, ndoo kichwani, maji yakimmwagikia usoni, wala hayafuti.

Nikaingia kibandani, nikachungulia tunduni. Nililiona lile shimo, na nyuma yake, kwenye mstari ule ule, kitenge cha mwalimu.

Nilipotoka, jirani alikuwa ananitazama. Alijua nimeona nini. Akaenda kung'oa kile kibanda kwa mikono yake, jani kwa jani, kisha akamfuata bibi jikoni.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema. Walikuwa wa umri mmoja, na hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba. Kaa unywe chai."

Siku ya tatu alimpata nguruwe, kutoka juu. Sisi tulikula nyama, yeye akala muhogo wa nazi kwenye sahani aliyokuja nayo.

Wote wawili wametangulia, na mwalimu alihamishwa tukiwa bado wadogo. Bibi hakuwahi kushika bunduki mbele yangu. Alijuaje risasi inapita wapi? Nani alimfundisha, au aliona nini huko alikotoka kabla ya kuja Pwani? Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, na hilo moja sikumuuliza.