Sauti ya Mtoto Kabla ya Mpira

Katika ukoo wetu wote kule Awendo, mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, na sioni haya kulisema. Nilijisomesha kwa kukata miwa, nikaenda ng'ambo, nikafanya kazi miaka kumi na moja katika wodi za watoto, kisha nikarudi kwa hiari yangu. Migori nilikoanza kufundisha walinipigia makofi. Kwa hiyo hospitali moja ya Homa Bay iliponiita niwafundishe wauguzi kuweka mpira wa kulishia, ule mwembamba unaopita puani hadi tumboni, niliingia kifua mbele. Diploma yenyewe nilikuwa nayo kwenye bahasha, endapo mtu angeuliza. Hakuna aliyeuliza.

Wauguzi walikuwa saba: sita vijana, na mama mmoja wa Rusinga aliyekaribia kustaafu. Walizoea kupuliza hewa kwenye mpira kwa bomba la sindano huku wakisikiliza tumbo kwa stetoskopu. Wakisikia mvumo, wanamimina maziwa. Niliwaambia sikio linadanganya. Hata mpira ukiwa pafuni, mvumo huohuo unaweza kusikika, na maziwa yakiingia pafuni mtoto anaweza kufa. Vuteni majimaji kidogo, nikasema, myatie kwenye karatasi ya kupima asidi. Ya tumboni huigeuza iwe ya rangi ya machungwa. Isipogeuka, hakuna maziwa.

Mgonjwa wetu alikuwa msichana wa miezi minne, aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Kila aliponyonya, maziwa yalimtokea puani, na uzito ulikuwa unashuka. Mama yake alikaa kando ya kitanda na kikombe cha maziwa aliyoyakamua, amekifunika kwa kiganja.

Niliamua kuonyesha mwenyewe. Nikapima mpira kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi katikati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua, nikatia alama, nikauingiza. Mtoto hakukohoa wala kubadilika rangi. Nikabandika plasta, nikawatazama vijana nione walivyostaajabu.

Nikavuta. Hakuna kilichotoka. Nikamlaza mtoto ubavu wa kushoto, nikangoja, nikavuta tena. Pakavu.

"Daktari, alishwe basi? Ana njaa," mama yake akasema.

Sikumsahihisha kwamba mimi ni muuguzi tu. Macho yote yalikuwa kwangu, na mkono wangu, nilijiambia, haujawahi kukosea. Nikachukua stetoskopu, nikapuliza hewa. Mvumo ukasikika vizuri kabisa.

"Uko mahali pake," nikasema, nikanyoosha mkono nipewe kikombe.

Yule mama wa Rusinga akakiwahi. "Nyathina," akaniita, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "si wewe umetuambia sikio linadanganya? Au linadanganya sisi wa huku tu?"

Vijana wakacheka, kisha wakaona haifai.

"Mama, mvumo umesikika."

"Mimi sisikilizi mvumo. Namsikiliza mtoto. Kabla ya mpira huwa namkuna nyayo alie kidogo, niijue sauti yake. Huyu asubuhi alilia mpaka wodi ya wanaume wakauliza kuna nini. Sasa mwangalie."

Nikamwangalia. Mdomo ulikuwa wazi, machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka, na sauti hakuna. Hewa tupu. Mpira ulikuwa umepita kati ya nyuzi za sauti hadi kwenye njia ya hewa, na mimi nilikuwa nimeshaomba maziwa.

Niliuchomoa. Kilio kilichofuata kiliijaza wodi yote, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Tulipomwacha apumzike, nilimkabidhi yule mama wa Rusinga mpira mpya. Aliinamisha kidogo kidevu cha mtoto, akangoja ameze, akasukuma. Akangoja tena ameze, akasukuma. Hakuharakishwa na mtu. Mtoto aliendelea kulalamika kwa sauti yake ileile. Alipovuta, majimaji yakaja. Tuliinama wote juu ya karatasi, vichwa vikigusana, tukaiona ikigeuka rangi ya machungwa.

Nimefanya kazi na mashine ambazo wengi hapa hawajaziona. Sijaona sikio kama lile.

Maziwa yakaanza kushuka yenyewe kwenye bomba la sindano lililoinuliwa, polepole, bila kusukumwa. Mama mtu aliyafuata kwa macho hadi tone la mwisho. Mtoto alikuwa ameshalala, ngumi zimelegea.